ARDHI ISIYO NA UZIO NI YA NANI?



Kiangazi kinapokaribia, swali moja hutufikia kwa njia nyingi. Mmoja anauliza: “Lile bonde chini ya kilima halina mtu, kwa nini nisipande viazi vitamu?” Mama mwingine anataka kujua kama anaweza kuokota kuni katika miti iliyo upande wa pili wa barabara. Kijana ana mbuzi wawili na haoni ubaya wakila majani ya kando ya njia. Wote wanauliza neno lile lile: ardhi ambayo haina uzio, haina nyumba wala mazao, ni ya nani?

Wengi wenu mmetoka Kivu, na katika vijiji vyenu mlizoea kuwa na mahali pa watu wote: malisho, bonde, msitu wa kuni, chemchemi. Hapakuwa na hati, lakini kila mtu alijua. Ndiyo sababu tumeona vizuri kuwaeleza sheria ya Rwanda inasema nini juu ya ardhi za namna hiyo, hasa hapa Rusizi, wilaya ambayo wazee bado wanaiita Cyangugu. Mwishoni tutasema pia juu ya ardhi ya kijiji mliyoiacha Kongo, kwa kuwa jambo hilo lina hatari yake.

Jibu fupi ni hili: nchini Rwanda hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Kwa miaka michache kabla ya 2013 Serikali ilipima nchi yote, ikaandika vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10, na kila kipande kikapewa namba yake. Ambacho si cha mtu ni cha Serikali, au cha wilaya, au cha shirika la umma. Kwa hiyo mkiona mahali patupu, msiseme “hapana mwenyewe”. Semeni “mwenyewe simjui bado”, kisha mkamtafute.

Sheria inayotawala mambo haya ni sheria ya ardhi namba 27 ya mwaka 2021, iliyotolewa tarehe 10 Juni. Kabla yake ilikuwako ya 2013, na kabla ya hiyo ile ya 2005. Sheria hizi zinagawa ardhi ya Serikali mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ardhi ya matumizi ya umma: maziwa na mito pamoja na kingo zake, chemchemi, mbuga na misitu ya asili inayolindwa, barabara, bustani za umma, makaburi, mahali pa kumbukumbu. Ardhi ya fungu hili haiuzwi, haigawiwi, na hakuna anayeweza kuipata kwa kukaa juu yake muda mrefu. Fungu la pili ni ardhi ambayo Serikali inaimiliki kama mwenye shamba amilikivyo shamba lake. Hiyo inaweza kukodishwa au kutolewa kwa kazi fulani. Wilaya nayo ina ardhi yake kwa mafungu hayo hayo mawili.

Mtaona kwamba “ardhi ya umma” si sawa na “ardhi ya kila mtu kuchukua”. Watu wengi hupotea hapo. Barabara ni ya umma: unapita, lakini huwezi kulima ukingo wake. Chemchemi ni ya umma: unateka maji, lakini huwezi kuiziba wala kuwatoza majirani.

MABONDE YA MAJI

Bonde la maji, ambalo wenyeji wanaliita igishanga, ndilo linaloleta ugomvi kuliko yote, basi tutalieleza kwa urefu.

Mvua ikikatika mwezi wa Juni, vilima vinakauka lakini bonde linabaki na unyevu. Kwa mtu mwenye njaa na jembe, hakuna mahali panapovutia zaidi. Anaona nyasi tu, anafikiri bonde limeachwa. Kumbe sheria inasema bonde ni mali ya Serikali. Sheria ya 2005 ilitamka wazi, na ile ya 2013 ikarudia, kwamba bonde halipewi mtu moja kwa moja, na kwamba hakuna anayeweza kusema “nimelilima miaka mingi, sasa ni langu”. Linaweza kuazimwa tu, kwa mkataba. Sheria ya 2021 nayo imeliacha bonde mikononi mwa Serikali.

Tena mabonde hayafanani. Kuna yale yasiyoguswa kabisa, kama Kamiranzovu ndani ya msitu wa Nyungwe. Kuna yale yanayotumiwa kwa masharti maalum. Na kuna yale yaliyowekwa kwa kilimo, kama uwanda wa Bugarama kando ya mto Rubyiro, ambako mpunga hulimwa tangu miaka mingi. Msimwone mkulima wa Bugarama katika kipande chake mkadhani amekipata kwa kufyeka tu. Yeye ni mwanachama wa kooperative. Kooperative ndiyo inayopanga zamu za maji, siku ya kusafisha mifereji, mbegu ya kupanda na mahali pa kuuza mchele. Anayeacha kulima kipande chake anaweza kunyang’anywa, kikapewa mwingine. Hata mwenyeji aliyezaliwa hapo halimi anavyotaka.

Bonde lingine la wilaya hii, Gishoma, linafundisha kwa njia nyingine. Ndani yake mna udongo mweusi unaowaka, nyiramugengeri kwa Kinyarwanda, na kituo cha umeme cha megawati 15 kilijengwa ili kuuchoma. Mahali ambapo mpita njia aliona matope na mafunjo, Serikali iliona umeme.

Sasa mfikirie mtu anayeteremka na jembe bila kuuliza. Analima wiki mbili, anapanda vipando alivyopewa na rafiki, anangoja. Mwezi wa tatu anakuja mjumbe wa kooperative au ofisa wa umurenge, naye ana karatasi. Mazao yanang’olewa, au yanaachwa lakini mavuno si yake. Hana pa kushtaki, maana hakuwa na mkataba. Zaidi ya hayo, kijiji kizima kinaanza kusema kwamba wakimbizi wanateka mabonde, na maneno hayo yanawapata hata wale ambao hawajashika jembe.

Njia ipo, lakini ni ya kuomba, tena kuomba kwa pamoja. Wilaya ya Gisagara, karibu na kambi ya Mugombwa, kuna bonde linaloitwa Misizi ambalo wakimbizi na wenyeji wamelilima bega kwa bega, kwa mpango uliokubaliwa na Serikali na mashirika. Haikuanza kwa mtu mmoja kuingia bondeni usiku. Kundi la watu wenye majina yaliyoandikwa, wakiwamo wenyeji, lina nafasi kubwa ya kusikilizwa kuliko mtu mmoja. Mtu binafsi pia anaweza kukodi shamba la kilimani kwa mwenyeji mwenye hati, kwa msimu mmoja au miwili. Kama ni hivyo, andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: majina, namba ya kipande, bei, siku ya kuanza na kumaliza, mashahidi wawili. Na muulize kwanza kama anayewakodisha ndiye aliyeandikwa. Mara nyingi hati ina majina mawili, la mume na la mke, na sahihi ya mume peke yake haitoshi.

UKINGO WA ZIWA NA MITO

Hapa maneno ni machache. Kando ya ziwa Kivu, mita 50 kutoka majini hazilimwi wala hazilishwi mifugo. Kando ya mito ni mita 10, na vijito vina kipimo chao kidogo zaidi. Vipimo vya 50 na 10 viliandikwa katika sheria ya mazingira ya 2005. Mianzi na majani mnayoyaona yamepandwa ukingoni ni ya kuzuia udongo usiingie majini. Msiyakate kwa kamba wala kwa kuezekea.

MISITU NA KUNI

Ndani ya wilaya hii kuna msitu mdogo wa asili, Cyamudongo. Umetengana na Nyungwe, na mashamba na chai viko katikati, lakini kisheria ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, na sokwe wanaishi humo. Nyungwe ilikuwa msitu wa akiba tangu 1933, wakati wa Wabelgiji. Mnamo 2005 ikawa hifadhi ya taifa, na 2023 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Ndani ya hifadhi hakuna kuni, hakuna asali ya mizinga, hakuna mtego, hata mti ulioanguka wenyewe haubebwi. Walinzi wakimkamata mtu, hawaulizi kama ni mkimbizi au mwenyeji.

Wenyeji nao walipoteza kitu hapo. Babu zao waliingia msituni kwa kuni, dawa na nyama. Badala yake Serikali huwagawia wanaoishi kando ya hifadhi sehemu ya mapato ya watalii, iliyoanza kwa asilimia 5 mwaka 2005 na kupandishwa hadi 10 mwaka 2017. Fedha hizo hujenga shule, maji, zahanati. Kwa maoni yetu, mama asiye na kuni leo jioni hafarijiki sana na darasa litakalojengwa mwaka ujao, lakini ndiyo sheria ilivyo.

Miti mingine, ya mikaratusi juu ya vilima, inaweza kuwa ya mtu, ya wilaya, ya parokia, au ya kiwanda cha chai. Kuikata kunahitaji kibali hata kwa mwenyewe. Kuokota matawi makavu ni jambo la kumwomba mwenye miti, na wengi hukubali wakiombwa kwa heshima. Msiingie na panga mkononi. Mkikutwa na panga, hakuna atakayeamini kwamba mlikuja kuokota.

MBUZI NA MAJANI

Nchini humu mifugo haizururi. Ng’ombe na mbuzi hufungwa, na majani huletwa zizini. Mbuzi akiingia katika maharage ya jirani, mwenye mbuzi atalipa. Malisho ya wazi mliyoyajua Masisi au katika uwanda wa Ruzizi hayako hapa.

KWA NINI SHERIA NI KALI HIVI?

Haikuwa hivi daima. Zamani eneo hili liliitwa Kinyaga, na kulikuwa na desturi mbili ambazo wazee wanaweza kuwasimulia. Ya kwanza, ubukonde: ukoo uliofyeka msitu kwanza ulikuwa na haki juu ya ardhi hiyo, na mgeni aliyepokelewa alipewa shamba, akalipa kwa pombe na kwa kazi. Ya pili, igikingi: mwami au mkubwa wake alimpa mtu eneo la malisho, na wengine wakawa chini ya huyo. Kwa hiyo hata zamani malisho hayakuwa ya kila mtu sawasawa. Yalikuwa na mkubwa wake, na waliokuwa chini walilipa.

Igikingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini malisho hayakugeuka kuwa ya kijiji. Mengi yaligawanywa kuwa mashamba, kwa sababu watu walikuwa wakiongezeka. Mwaka 1976 ilitoka amri kwamba mtu asiuze shamba lake la desturi bila ruhusa ya waziri, na hata akiruhusiwa abaki na hekta 2. Watu waliuza kwa siri tu.

Kisha zikaja zile miaka za 1990. Mapatano ya Arusha ya 1993, katika itifaki ya kuwarudisha wakimbizi, yalisema mkimbizi aliyeondoka zaidi ya miaka 10 asidai shamba lililokwisha kukaliwa na wengine. Serikali imtafutie jingine. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu walirudi. Ile ardhi nyingine ilipatikana wapi? Ilipatikana katika ardhi ya umma. Sehemu kubwa ya Hifadhi ya Akagera ilitolewa mwaka 1997. Msitu wa Gishwati, ambao ulikuwa umeshaanza kumegwa kabla ya hapo, uliliwa hadi zikabaki kiasi cha hekta 600. Miteremko ikabaki uchi, udongo ukashuka, mafuriko yakaja, na baadaye Serikali ikabidi ipande upya na kuwahamisha watu.

Hesabu ya watu ya 2022 iliwapata milioni 13.2 katika nchi yenye kilometa za mraba 26,338. Ni zaidi ya watu 500 kwa kila kilometa ya mraba. Kwa hesabu kama hiyo, bonde lisilolindwa linaisha kwa msimu mmoja.

Nchi nyingine zimechukua njia tofauti. Tanzania, kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, imekiachia kijiji chenyewe ardhi yake, na kijiji ndicho kinachotenga sehemu ya wote. Uingereza, kwa sheria ya 2006, wanakijiji waliochezea uwanja kwa miaka 20 bila nguvu, bila kujificha na bila kuomba ruhusa, wanaweza kuuandikisha kuwa uwanja wa kijiji, na mwenye ardhi hawezi tena kujenga juu yake. Yaani kule kukaa muda mrefu kunawapa watu haki. Hapa Rwanda, juu ya bonde, miaka 20 haikupi kitu. Tunaeleza hivi ili mtu asilete kambini alichokisikia kwa ndugu aliye Kigoma au London akadhani kinafaa hapa.

NA UWANJA WA KAMBI?

Ardhi ya kambi imetolewa na Serikali itumiwe na wakimbizi, chini ya wizara inayoshughulikia wakimbizi, MINEMA. Nyumba uliyopewa ni ya kukaa. Huwezi kuiuza wala kuirithisha, na anayeinunua anatupa pesa. Uwanja wa mpira, mahali pa bomba, njia za maji ya mvua na nafasi kati ya mistari ya nyumba ni vya wote. Anayepanua jiko lake hadi kwenye mfereji anamletea jirani maji ndani ya nyumba. Mambo haya yapelekeni kwanza kwa kamati yenu, ndipo kwa mkuu wa kambi.

ARDHI YA KIJIJI MLIYOIACHA KONGO

Hapa tunawaomba msome polepole.

Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Ardhi ambazo wenyeji wanazikalia, wanazilima au kuzitumia kwa pamoja kwa desturi zao, nazo zikawa za Serikali. Lakini sheria iliahidi kwamba Rais atatoa amri ya kueleza haki za wenyeji juu ya ardhi hizo. Miaka 40 baadaye amri hiyo ilikuwa haijatoka. Kwa hiyo malisho ya kijiji na bonde lake viliendelea kusimama juu ya desturi, kama kalinzi ya Bushi, bila hati, huku mwenye fedha akiweza kwenda mjini kuomba hati juu ya ardhi hiyo hiyo. Kwa misitu tu ndiko kulikopatikana njia: amri ya 2014 inaruhusu kijiji kupata msitu wake wa jamii, hadi hekta 50,000.

Sheria hiyo ya 1973 iliweka kinga moja. Kabla ya ardhi ya mashambani kutolewa kwa mtu, lazima ufanyike uchunguzi: afisa afike mahali penyewe, atazame mipaka, aandike waliopo na asikilize madai yao. Sasa jiulizeni: kama kijiji kizima kiko uhamishoni, afisa atamsikiliza nani? Ataandika “ardhi tupu”. Na hati ya kuandikishwa ikishamaliza miaka 2 bila kupingwa, kuipindua mahakamani ni vigumu sana. Mara nyingi kinachobaki ni kudai fidia.

Basi fanyeni kazi hii mkiwa bado na kumbukumbu na wazee wako hai. Watu wa kijiji kimoja wakae pamoja, waandike jina la kilima, mito na miti ya mpakani, majirani wa kila upande, sehemu ya malisho na sehemu ya makaburi, nani aliitoa na mwaka gani, nani alikuwa akiitumia hadi siku ya kukimbia. Wanawake waitwe pia. Mara nyingi wao ndio wanaojua njia ya kuni na ya maji kuliko waume zao. Wote watie sahihi au kidole. Fanyeni nakala tatu na kuziweka mahali tofauti. Karatasi hiyo si hati, lakini ni sauti yenu ikiwa mtu atasema hapakuwa na watu. Mkisikia kwamba ardhi ya kijiji inapimwa, jambo hilo lisingoje kurudi kwenu. Mleteni habari upesi ili mwanasheria aandike pingamizi ndani ya muda.

Msitie sahihi karatasi tupu, wala msimpe mtu msiyemjua mamlaka ya “kuwauzia” au “kuwalindia” ardhi.

MAHALI PA KUULIZA

Kwa ardhi ya hapa Rusizi, anzeni kwa kiongozi wa umudugudu, kisha akagari, kisha ofisa wa ardhi wa umurenge; yeye anaweza kutazama namba ya kipande na kuwaambia ni cha nani. Nendeni pamoja na mjumbe wa kamati, na mbebe kitambulisho cha mkimbizi. Kwa mambo ya ardhi ya Kongo, njooni kwa mtumishi wetu wa sheria na karatasi zozote mlizo nazo, hata zilizochanika au kulowa maji. Maelezo haya hayalipiwi. Atakayewadai pesa kwa jina letu hatukumtuma.